Jiko la Makatoni

Jiko jipya la Mama Akoth lilifika mtaa wa Ayany likiwa ndani ya makatoni kumi na manne, na wanaume walioyashusha kutoka kwenye pikapu hawakuamini walipoambiwa kuwa hilo ndilo jiko. Mmoja aligonga katoni kwa kidole akauliza kama ni vioo. Mwenzake akasema hapana, hivyo ni vitabu vya serikali, maana vitu bapa na vizito namna ile haviwezi kuwa kitu kingine. Mideva alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia mkononi. Naye alishangaa kama wao, ila yeye alikuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo mwaka wa saba sasa, na alikwisha kujifunza kushangaa bila kufungua mdomo.

Mama Akoth, jina lake la ubatizo Seline, alikuwa karani katika ofisi moja ya wageni mjini. Mkubwa wake aliagiza makabati hayo ya jiko kutoka kwao ng'ambo, yakaja yamekatwa tayari vipande vipande ili mtu ayaunganishe nyumbani, na kabla hajafungua hata katoni moja akapewa uhamisho. Seline akayachukua kwa bei ya kutupa. Kwa miezi miwili mizima aliyapanga kichwani. La sinki likae chini ya dirisha, ya ukutani yawe matatu matatu, la unga liwe karibu na mlango ili mtu asizunguke. Alichora kwa chaki sakafuni, akamwita Mideva wasimame kila mmoja kwenye mraba wake, waone kama watagongana wakipika. Alimwuliza amewahi kuona wapi jiko ambalo sufuria zake hazionekani. Mideva akajibu hajaona, na hakudanganya. Kwake Kambi Muru sufuria zililala chini ya kitanda, na zilionekana vizuri sana.

Kilichobaki ni fundi. Mideva alikaa na neno lake kooni siku mbili, siku ya tatu akalitema: mume wake ni seremala.

Phanuel Shivachi alifanya useremala miaka kumi na minane katika karakana moja kule viwandani. Mwaka uliotangulia karakana ilifungwa, mafundi wakaambiwa wachukue randa zao waende. Tangu hapo alikuwa akiunda vitanda nje ya mlango wao, na kwa bahati mbaya ule ndio ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa unga wa manjano ulioletwa na meli kutoka ng'ambo, watu wakipanga foleni ya unga tangu alfajiri na hakuna aliyekuwa na kichwa cha kununua kitanda. Mshahara wa Mideva ndio uliolipa chumba, ukawalisha, ukamsomesha binti yao Sella aliyekuwa kwa nyanyake huko Maragoli. Hayo yote Mideva aliyaweza. Alichoshindwa kuzoea ni kwamba Phanuel sasa, akimaliza kula, alisema asante kama mgeni. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka jirani wa mlango wa tatu anauliza kuna nini, siku hizi aliongea chini chini ndani ya chumba chake mwenyewe. Mideva alimtaka yule wa zamani arudi, basi. Hakulitakia jiko la Mama Akoth jambo jingine zaidi ya hilo.

Seline alimpima kwa macho kwanza.

"Mama Sella, hii si kitanda," alisema. "Chama yetu ni wamama tisa ukinitoa mimi, wote wa hapa Ayany, na kila mtu anangoja kuona yangu. Kuna duka huko mjini imeanza kuuza hizi mbao tayari. Ikitoka sawa, bwana yako atafunga jiko tisa. Ikiharibika, mimi sitaki kumjua."

Mideva alisema haitaharibika. Alilisema haraka mno, hata yeye mwenyewe akajishtukia.

*

Juma lile Seline na mumewe Obiero walisafiri kwenda mazishini Ugenya, wakamwachia Mideva funguo. Phanuel alifika Jumatatu asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi na sanduku la vifaa begani: misumeno miwili, randa tatu, patasi za kila upana, nyundo ambayo mpini wake aliuchonga mwenyewe. Alifungua katoni la kwanza, kisha la pili, kisha yote. Akatoa mbao nyeupe zinazong'aa, zimetobolewa matundu kote zinakohitaji kutobolewa, pamoja na mifuko ya skrubu, vijiti vifupi vya mbao, na kijichuma kimoja kilichopinda. Alitafuta kitu cha kukata, hakuna. Cha kupiga randa, hakuna. Hata msumari mmoja hakuuona.

"Sasa mimi nimeitwa kufanya nini?" aliuliza.

Hakuwa akimwuliza mkewe. Aliuliza zile mbao. Alikaa juu ya katoni tupu huku mikono ikining'inia, na Mideva akaona anavyokodoa macho kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mwanamume mwingine amekalia kiti chake.

Kulikuwa na karatasi kubwa yenye michoro, herufi na namba. Phanuel aliikunjua, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Shule hakuwa ameiona sana. Mideva alifika darasa la saba, na kama si karo angeendelea, lakini katika ndoa yao hilo ni jambo ambalo halikuzungumzwa. Aliichukua karatasi polepole, akisingizia kuwa anataka kuiweka mbali na vumbi. Halafu akasema, kana kwamba ni bahati tu, kuwa hapa wameandika A nne, na ubao ule pale una kibandiko cha A nne.

Basi wakafanya kazi wawili. Yeye akisoma, Phanuel akifunga. Kabati la kwanza liliwachukua siku nzima na mlango wake ukafungukia ndani. Phanuel aliutazama mlango huo kwa hasira, kisha akacheka, kicheko kile chenyewe kabisa, na mke wake akageukia dirishani ili macho yake yasionekane. La pili liliwachukua nusu siku. Kufikia Jumatano walikuwa wameshika mwendo, na hapo ndipo ukuta ulipowapa taabu, kwa maana ukuta wa nyumba ile ulikuwa umeinama na makabati yalikuwa yamenyooka. Karatasi haikusema neno juu ya ukuta uliopinda. Huko ilikotoka labda hakuna.

Phanuel alisimama akatoa randa. Alichonga vipande vyembamba vya mvule, akavipachika nyuma ya kabati kimoja kimoja, akaweka pimamaji juu yake, akachomoa, akapunguza, akarudisha, mpaka kile kipovu kikatulia katikati. Alikuwa akipiga mluzi. Alimwambia mkewe kuwa mashine inaweza kukata mbao lakini haiwezi kujua ukuta wa Mjaluo umeinamia wapi. Mideva alicheka sana kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Alifurahi. Katika mwaka ule mzima hizo ndizo zilizokuwa siku zake nzuri.

*

Alhamisi Phanuel aliona njia za mchwa nyuma ya sinki, michirizi myekundu inayopanda ukutani. Akasema makabati hayawezi kufungwa ukutani kabla hayajapakwa oili.

Ni lazima ieleweke kuwa jina lote la Phanuel katika Kambi Muru lilisimama juu ya oili. Mafundi wengine waliunda vitanda vizuri kama vyake, lakini yeye kila kitanda alikipaka oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa ikishatumika kwenye magari, akiichanganya na mafuta ya taa ili iingie ndani ya mbao. Kunguni hawakuwahi kukaa humo, wala mchwa hawakugusa miguu yake. Hakudai senti kwa ajili hiyo. Ilikuwa zawadi yake kwa mteja, na watu waliovuka mtaa kuja kununua kwake waliivukia hiyo.

Mideva alirudi kwenye ukurasa wa mwisho wa karatasi, kulikokuwa na maandishi ya Kiingereza. Alisoma mara mbili ili awe na hakika.

"Baba Sella, hapa wanasema zisiguswe na kitu ya majimaji," alisema. "Hata ukipanguza, wanataka kitambaa kikavu."

"Waliandika wakiwa kwao," Phanuel alijibu. "Mchwa ya huku haijasoma hiyo karatasi."

Alisema kwa uchangamfu, bila ubaya. Mideva alipitisha kidole nyuma ya ubao mmoja, pale ambapo ule weupe uliishia. Haikuwa mbao kama mbao anazozijua. Ilikuwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, na chembe zake zilimbaki kidoleni. Alitaka kusema. Lakini kwa siku nne alikuwa yeye ndiye msomaji na mumewe ndiye msikilizaji, na aliona vyema kuwa mwanamume ambaye ameanza kupona si wa kukumbushwa kila saa nani alisoma. Akanyamaza. Kunyamaza kule alikufanya kwa mapenzi, na hakuna aliyemlazimisha.

Phanuel akamtuma Kawangware kwa Lusweti, rafiki yake mwenye gereji, akalete oili. Mideva alirudi na mkebe kichwani, na kwenye lango la Ayany akakutana na Filister, jirani wa Seline na mwenzake wa chama, ambaye hakuna kitu kilichopita langoni pale bila yeye kukiuliza. Filister akauliza kuna nini mkebeni. Mideva akasema ni dawa ya kabati. Filister akasema kumbe, hadi kabati zina dawa siku hizi, akapita.

Jioni ile Phanuel alipaka migongo yote na matumbo yote, mikono miwili, polepole, kwa heshima. Zile mbao zilinywa oili kama mkate unavyokunywa chai. Alipoona zinavyokunywa alifurahi, akaongeza. Ijumaa wakayafunga makabati ukutani, yakasimama meupe, milango sawasawa, na Phanuel akarudi nyuma mpaka mlangoni ili ayaone yote kwa pamoja. Harufu ilikuwepo. Alisema itaisha kwa siku tatu, wakaacha madirisha wazi. Mideva akapanga vyombo jinsi Seline alivyomwonyesha kwa chaki, na pakiti tano za unga wa manjano, zilizopatikana kwa foleni ya siku mbili, akaziweka katika kabati la karibu na mlango.

*

Seline alirudi Jumamosi akasimama katikati ya jiko lake akashika mdomo. Alifungua mlango, akaufunga, akafungua mwingine, akavuta droo ikaja bila kelele, akairudisha, akaivuta tena. Halafu machozi yakamtoka akacheka huku akiyafuta. Ile harufu aliisikia, akasema ni harufu ya upya, hata gari jipya hunuka. Akamwamkua Phanuel kwa mikono yote miwili na kumwita fundi. Saa hiyo hiyo akatuma habari kwa wanachama wote tisa: kesho baada ya kanisa, waje wale kwake.

Jumapili akina mama walikuja na mavazi yao ya ibadani. Walipita jikoni wawili wawili kama watu wanaotazama maiti ya mtu mashuhuri, wakigusa na kuguna. Phanuel aliitwa naye, akapewa kiti karibu na mlango wa sebuleni na soda, na kila mama aliyetoka jikoni alimwuliza swali. Filister alitaka kujua kama jiko lake lenye dirisha dogo litaenea. Phanuel alimjibu kwa sauti kubwa. Mideva aliisikia kutoka jikoni, akipika samaki, na moyo wake ulijaa.

Alipofungua unga harufu ilimpiga puani. Alisita. Lakini unga wa manjano ulikuwa unga wa kunuka mwaka mzima, mara unanuka meli, mara unanuka dawa, na kila nyumba ilikwisha kuuzoea. Maji yalikuwa yanachemka na wageni walikuwa wamenawa. Akasonga ugali.

Filister ndiye aliyeweka tonge la kwanza mdomoni. Alitafuna mara moja akaacha, shavu limevimba, macho yakiwatafuta wengine. Mama aliyekaa karibu naye alitoa tonge lake akalishika kiganjani. Halafu mama mmoja mzee, ambaye umri wake ulimruhusu, alitema katika leso na kusema polepole kuwa hiki chakula kina mafuta ya lori.

Seline alionja. Alisimama bila kusukuma kiti, akaenda jikoni, akafungua kabati la unga. Akina mama wakamfuata. Sakafu ya kabati, jana nyeupe, ilikuwa na doa la kahawia lenye upana wa sinia, na pakiti zilizobaki zilikuwa zimelowa chini. Akafungua la pili, doa. La tatu, doa, na kwenye kingo zote mstari mweusi ulikuwa unapanda kutoka nyuma kuja mbele. Alipopitisha ukucha, ngozi ile nyeupe ilichubuka na ndani yake pakatoka makombo meusi. Akayatazama makombo hayo kwenye kidole chake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

"Nani alipaka hii kitu?" aliuliza.

Mideva alikuwa amesimama kando ya sinki na mwiko mkononi. Phanuel alikuwa amefika mlangoni nyuma ya akina mama, na chupa ya soda bado anayo. Filister ndiye aliyejibu. Alisema yeye alimwona Mama Sella Alhamisi, pale langoni, na mkebe kichwani, na akaambiwa ni dawa ya kabati.

Vichwa vyote kumi vikamgeukia Mideva. Yeye alimtazama mume wake. Alimngojea. Haikuwa kungoja kwa muda mrefu, lakini yeye alikuona kurefu. Phanuel alikuwa ameinamia chupa yake kama mtu anayesoma maandishi yaliyoandikwa juu yake, yeye asiyesoma, na mabega yake yalikuwa yameanza kushuka, yakirudi kule kule yalikokuwa mwaka mzima. Mideva aliyaona majiko tisa yakiondoka. Aliyaona mabega yale yakishuka na asijue tena namna ya kuyainua.

"Ni mimi, Mama Akoth," alisema. "Niliona mchwa nikaogopa. Fundi hakuwa anajua."

Alimwita fundi. Hakusema bwana yangu. Seline aligeuka, akamwuliza Phanuel kama hayo ni kweli. Mideva aliomba moyoni akane, na aliomba pia asikane, na hakujua anataka kipi.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga tu," Phanuel alisema.

Seline hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema miaka saba amemwacha na watoto wake na vyumba vyake na hakuna siku aliyohesabu vijiko. Alisema aibu aliyoipata mbele ya wenzake haina bei, kwa hiyo hataki kulipwa, anataka funguo tu. Mideva akazitoa mfukoni mwa aproni. Akavua aproni pia. Akina mama wakampisha njia, na alipofika mlangoni Seline akamwita tena. Alikuwa ameshika sinia la ugali.

"Hii utabeba," alisema. "Watu yangu hawawezi kula."

Aliumimina ndani ya mfuko wa nailoni akaufunga fundo, mbele ya wote. Mideva aliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kupokea chakula, na kwa sababu ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Ulikuwa bado wa moto. Alipita karibu na mume wake mlangoni na Phanuel akasogea kidogo ili apite.

*

Alitembea mpaka Kambi Muru bila kujua amepita wapi. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyeanguka na bado anangoja kusikia wapi panauma. Njia nzima alijiambia kuwa Phanuel atakuja, atafunga mlango, na hatajua pa kuanzia. Alijua hata atakachomjibu. Angemwambia basi, yaishe, twende mbele. Alilirudia jibu hilo mara nyingi akalipunguza likawa fupi na zuri.

Phanuel alirudi jua likizama. Seline alimwomba abaki ayafungue makabati, waone ni mbao gani zitaokolewa na zipi zinunuliwe mpya kule dukani, na ile hasira yake alikuwa ameimaliza yote kwa Mideva, haikubaki ya fundi. Filister naye alimtolea arubuni. Yeye hakuogopa, alisema, kwa sababu kwake hakuna mfanyakazi wa kupakapaka vitu. Phanuel aliyasimulia haya yote akiwa amesimama, akisema Mungu ni mkubwa. Kisha akanawa, akala, akalala. Mideva alifikiri ni haya iliyomziba mdomo. Alifikiri kuna mambo ambayo mwanamume huyasema baada ya juma moja, au mwezi.

Yeye alianza kwenda Kawangware. Wanawake waliotafuta vibarua vya kufua walikaa kando ya barabara iendayo Lavington tangu asubuhi, kila mmoja na kipande chake cha sabuni, wakingoja gari lisimame na mtu aonyeshe kidole. Siku nyingine alionyeshwa, siku nyingine alirudi na sabuni yake kavu. Mikono yake ilichubuka. Wenzake walimwuliza alikuwa akifanya kazi wapi kwanza, akasema Ayany, kwa watu wazuri, na walipouliza kilichomtoa alisema aliharibu kitu.

Phanuel alifunga jiko la Filister likatoka bila dosari, bila tone la oili. Akafunga la mama mzee, na lingine, na lingine. Karatasi zile alijifunza kuzisoma mwenyewe, kwa michoro. Alinunua viatu. Siku za malipo alileta nyama, na alipocheka jirani wa mlango wa tatu aliuliza kuna nini. Mideva aliusikia ule mcheko akiwa amekalia ndoo, akijipaka mafuta mikononi, akajiambia kwamba hiki ndicho alichokitaka na amekipata. Lile neno lingine alikuwa bado analingoja. Hakuwa na haraka.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, Jumapili mchana, Lusweti wa gereji alikuja kuwatembelea. Walikula, wakashiba, na Lusweti akauliza kwa nini rafiki yake siku hizi haji tena kuchota oili, au amepata gereji nyingine.

"Hizi za kisasa haziendi na oili," Phanuel alisema. "Si uliskia vile Mama Sella alinifanyia pale Ayany? Kidogo nikose kazi yote."

Alisimulia. Alisimulia vizuri, na akina mama na matonge yao, na mzee aliyesema mafuta ya lori, na Lusweti akacheka mpaka akashika ubavu. Mideva alicheka nao. Alielewa kuwa hadithi ikishatolewa nje hairudishwi ndani, na hata Lusweti lazima aisikie hivyo hivyo. Lakini Lusweti alipomaliza kucheka alikunja uso kidogo.

"Ngoja," alisema. "Huyu alikuja kwangu akasema ni wewe umemtuma."

"Nilimtuma oili ya vitanda," Phanuel alijibu. "Sasa yeye akaona ni hekima apake kila kitu."

Alijibu papo hapo, bila kumeza mate, bila kumtupia mkewe jicho. Hapakuwa na kitanda juma lile. Hapakuwa na hata ubao wa kitanda. Mideva akainuka akakusanya sahani ili apate pa kuweka mikono. Alijisemea ni uongo wa mbele ya mgeni, tena wa haraka, na mgeni akiondoka Phanuel atamtazama, watacheka wawili kwa ule ujanja, na labda hapo hapo lile neno litatoka.

Lusweti aliaga. Phanuel alimsindikiza mpaka kwenye mtaro, akarudi, akaketi kitandani akaanza kufungua kamba za viatu vyake vipya. Mideva alisimama mbele yake. Alimngoja kama alivyomngoja siku ile jikoni, na safari hii hakukuwa na mtu mwingine chumbani, hakukuwa na Filister wala Seline wala majiko tisa. Phanuel aliinua macho akaona mkewe anavyomtazama, na uso wake ukalainika. Akamshika mkono, ule mkono uliochubuka kwa sabuni, akaupapasa polepole.

"Mama Sella, usikuwe na uso hivyo," alisema. "Hiyo maneno ya oili mimi nilikusamehea kitambo."

Mideva alitafuta mzaha katika macho yake. Alitafuta haya, au woga, au hata ujanja tu. Phanuel alikuwa akimtazama kwa upole, hana wasiwasi wowote. Alikuwa amemsamehe kweli.